Flashi ya Mtaa wa Majogoo

Bi Iluminada alikuwa na siku ishirini hajaona tamthilia, na bibi wa miaka themanini asiyeona tamthilia ni mtu wa kuogopwa. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, alipotia mkono kwenye kopo la mchele akakuta flashi nyeusi imezikwa humo ndani, hakujiuliza ni ya nani wala kwa nini ililala na mchele. Aliifuta kwa upindo wa gauni, akaenda kuichomeka nyuma ya king'amuzi, akaketi, akashika rimoti.

Runinga ikaandika maneno. Miwani ilikuwa chumbani, na chumbani ni mbali kwa magoti yake. Kwa uzoefu wa Bi Iluminada, runinga ikiandika maneno unabonyeza OK, na isiporidhika unabonyeza tena. Akabonyeza. Ikauliza mara ya pili, kama inayomwonya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

Migdalia, bintiye, aliporudi kutoka foleni ya mkate alimkuta mama yake ameikazia macho runinga tupu.

"Hiki kidude chako hakina kitu," bibi akalalamika. "Mtu unaficha flashi kwenye mchele kama dhahabu, kumbe tupu!"

Mkate ukamponyoka Migdalia. Aliinama kuuokota, akakaa vilevile ameinama kwa muda, maana alihitaji mahali pa kuficha uso.

"Ni mbovu hiyo, mama," alisema alipoinuka. "Wala usijali."

Haikuwa mbovu. Jana yake ilikuwa nzima, na ndani yake ilibeba kazi ya mwaka mzima ya watu wapatao mia mbili.

Mji wao umekatwa katikati na reli. Upande wa juu ni mtaa wa Majogoo, upande wa chini ni mtaa wa Kobe, na mara moja kwa mwaka, siku ya Parranda, kila mtaa hutoa gari lake la maonyesho kwenye uwanja wa kanisa: jumba zima la mbao na taa juu ya magurudumu, watu wamevaa mavazi ya wafalme, na sauti iliyorekodiwa ikisimulia kisa kwa muziki. Hakuna majaji wala zawadi. Kila mtaa hujitangaza mshindi wenyewe, halafu hubishana mpaka Parranda ijayo. Gari hujengwa ndani ya banda lililofungwa kwa minyororo, na kisa chake hakijulikani mpaka siku yenyewe. Mtu anaweza kukusimulia maradhi yake yote na mambo ya kitandani kwake, lakini muulize mwaka huu gari lenu linahusu nini, atakutazama kama mwizi.

Mwenyekiti wa Majogoo alikuwa Hortensio, fundi wa kuchomelea vyuma, mzee mwenye kushuku hata kivuli chake. Miaka miwili nyuma Kobe waliupata muziki wa Majogoo kwa kumpa mrekodi chupa mbili za ramu. Safari hii Hortensio alikwenda mwenyewe mji wa Santa Clara kusimamia kurekodi. Sauti ilipokamilika aliagiza iwekwe kwenye flashi moja, moja tu, kisha akasimama nyuma ya kijana wa kompyuta mpaka kila kitu kilipofutwa kwenye mashine. "Siri ni ya mmoja," alisema. "Ikiwa ya wawili, hiyo ni tangazo." Akamkabidhi Migdalia flashi, kwa kuwa ndiye katibu wa mtaa na ndiye aliyekitunga kisa. Akili nyingi huondoa maarifa, ila nani angemwambia Hortensio?

Migdalia aliichomoa flashi, akaenda nayo msalani, akajifungia. Aliipuliza. Alirudi akaijaribu kwenye tundu la pili la king'amuzi: kimya. Alisugua meno ya shaba ya flashi kwa kifutio cha penseli, kama alivyowahi kuona mtu akifanya. Kisha akaazima kompyuta ya jirani, akisingizia anataka kutazama picha za ubatizo. Kompyuta ikaitambua flashi mara moja na kumwarifu, bila huruma yoyote, kwamba nafasi yote iko wazi.

Akaketi kitandani akahesabu njia alizonazo. Msimulizi alikuwa ameshapanda ndege Jumatatu kwenda kwa mwanawe Tampa, Marekani. Kijana wa Santa Clara hakupokea simu, na hata angepokea, alishafuta. Parranda ilikuwa kesho. Gari la Majogoo lingetoka bubu uwanjani mbele ya Kobe wote, na mji ungetaka kujua ni nani aliyeliua. Mama yake aliyezaliwa Jogoo, aliyeshona mabawa ya Majogoo kwa miaka hamsini mpaka vidole vikapinda, angekumbukwa kwa jambo moja tu: rimoti. Hilo ndilo lililomuuma Migdalia kuliko yote.

Katika mji ule alikuwapo mtu mmoja wa kufufua flashi iliyofutwa. Huyo aliitwa Leovigildo, Gildo kwa walimwengu. Kila wiki hupokea kutoka mji mkuu diski iliyojaa filamu, tamthilia, mpira na nyimbo, na watu hupanga foleni sebuleni kwake kujaziwa flashi zao. Alikuwa Kobe, baba Kobe, babu Kobe, na kaka yake mkubwa Evelio ndiye mwenyekiti wa Kobe. Isitoshe, alikuwa mume wa Migdalia.

Desturi ya mji ni hii: mabanda yakishafungwa, wiki tatu kabla ya Parranda, mke na mume wa mitaa miwili hutengana. Hakuna ugomvi wala talaka. Mwanamke hufunga sanduku lake, humbusu mume mlangoni, hurudi kwa mama yake, na hawasemezani mpaka fataki ya mwisho ilie. Migdalia na Gildo walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Na kwa kuwa msimu ukianza Jogoo hanunui hata sindano kwa Kobe, Bi Iluminada alibaki bila tamthilia kila mwaka, na kila mwaka alilaani ndoa ile upya.

Saa nane mchana jua lilikuwa kali na watu wote wako mabandani. Migdalia alivaa joho la nyumbani la mama yake, akafunga kitambaa juu ya vibiringishio vya nywele, akavuka reli ameinamisha mwavuli. Aliingia kwa geti la uani. Mbwa akamrukia kwa furaha, maana mbwa hana mtaa.

Gildo alikuwa mezani, fulana imelowa jasho, akiandika majina ya sinema kwenye daftari. Aliinua kichwa akamtazama mkewe kutoka kitambaa mpaka ndala.

"Jogoo kapotea njia," alisema.

"Nyamaza, Gildo. Nina shida."

"Shida ya nyumba au shida ya mtaa?"

"Ya mtaa."

"Basi rudi ulikotoka." Lakini alishasogeza kiti kwa mguu, na Migdalia akakaa. Akaweka flashi juu ya meza. Gildo hakuigusa.

"Imefanya nini?"

"Mama kaichomeka kwenye king'amuzi."

"Kikamwuliza kama aiandae upya, na yeye akabonyeza OK."

"Umejuaje?"

"Mida," alisema, maana ndivyo alivyomwita mkewe, "mimi nusu ya wateja wangu ni kina mama yako. Hakuna mzee mji huu aliyewahi kubonyeza 'Hapana'. Ulipoiona tupu, uliingiza kitu chochote juu yake?"

"Hapana. Niliisugua na kifutio."

"Kifutio hakina dhambi." Alijifuta jasho. "Basi sikiliza. King'amuzi hakijafuta vitu, kimechana orodha tu. Chukulia maktaba: mtu kaingia kachana daftari la orodha kaondoka. Vitabu bado viko rafuni, ila hakuna anayejua kipi kiko wapi. Ukiingiza kitu kipya, kinakaa palepale pa kitabu cha zamani, na hapo hata mimi ninanyoosha mikono. Kwa hiyo una bahati. Mama yako nimsifu kwa hilo, hakuongeza jambo."

Migdalia aliisukuma flashi mbele yake. "Basi ifufue."

 Gildo alikuna kidevu, akatazama flashi kama mtu anayetazama nyoka na hajajua kama ana sumu.

"Ni sauti ya gari lenu, siyo?"

Migdalia alitazama ndala zake.

"Mimi siitaki kuijua, Mida. Kesho Evelio akiniuliza nitasema nini? Unajua sijawahi kumdanganya kaka. Tangu utotoni anachofanya ni kunitazama tu, na mimi namwaga yote. Nilivunja dirisha la kanisa nina miaka saba, hakuna aliyeniona, yeye alinitazama tu mezani nikakiri huku natafuna."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Nani kasema nakuacha? Nasema sitazami."

Wakafanya hivi. Gildo aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani, mbele ya kalenda, akaketi akimpa mkewe mgongo. Migdalia akakaa kwenye kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita, na betri ilikuwa na saa mbili za kubahatisha.

"Chomeka polepole. Ikikuuliza kama uiandae upya, utasemaje?"

"Hapana."

"Aa, kumbe familia yenu mnafundishika! Sasa tafuta kijialama cha koleo upande wa kushoto. Fungua. Chagua flashi, siyo diski yangu, ukichagua diski yangu nitakupa talaka ya kweli. Umeona palipoandikwa tafuta kwa kina? Bonyeza hapo. Halafu usiguse kitu, hata ukipiga chafya pigia pembeni."

Programu ikaanza kutembea rafu kwa rafu. Migdalia alisoma kwa sauti: asilimia nne, asilimia tisa. Gildo akajikongoja kinyumenyume mpaka jikoni, akapika kahawa, akarudi kinyumenyume na vikombe viwili. Migdalia alijikaza asicheke. Wiki tatu alikuwa hajaisikia harufu ya sebule ile, vumbi na waya moto na kahawa, na alishangaa jinsi ilivyomfanya atake kulia.

Kwenye asilimia sitini na moja wakasikia sauti ya Evelio barazani.

"Usiichomoe!" Gildo alinong'ona. Migdalia akaikumbatia kompyuta na flashi yake kama mtoto mchanga mwenye dripu, akaingia nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Alibana flashi kwa kidole gumba isicheze.

Evelio aliingia. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kusema, na upole wake ndio uliokuwa ukiwashinda watu.

"Mdogo wangu, nataka uniangalizie muziki wetu mara ya mwisho. Pale malkia wetu anapoanza ku—"

"Usiseme kwa sauti!" Gildo alimkata. "Kuta zina masikio."

Nyuma ya pazia Migdalia alifumba macho. Asilimia sitini na nne.

"Vikombe viwili," Evelio alisema.

"Kimoja changu."

"Na kile kinachofuka moshi kule?"

 Migdalia alisikia kiti kikilia, na mbwa akijikuna, na kimya kirefu ambacho aliweza kuona ndani yake, bila kuchungulia, jinsi Evelio alivyokuwa akimtazama mdogo wake.

"Sikuulizi," Evelio alisema mwishowe. "Nikikuuliza utanijibu, na nikishajua itanibidi kufanya kitu. Lakini kesho usimame karibu nami, Gildo. Nitakuwa nakutazama."

Alipoondoka, Gildo alirudi kukaa mbele ya kalenda yake. Migdalia aliona mgongo wa fulana umelowa zaidi ya mwanzo.

Programu ilipofika mwisho ilitema mafaili mia mbili na kumi na mawili yasiyo na majina, namba tu. Migdalia alivaa spika za masikioni akaanza kufungua moja baada ya jingine. Zilikuwemo katuni za zamani, harusi ya watu asiowajua, mahubiri nusu, na mwanamke akifundisha kupika maharage. Faili la tisini na moja likamwimbia tarumbeta anazozijua, na juu yake sauti nzito ya msimulizi: *Palikuwa na mji uliomwua jogoo wake, ili watu wapate kulala...*

"Nimeipata! Gildo, nimeipata!"

"Usinisimulie! Sikiliza mpaka mwisho."

Alisikiliza. Jogoo akauawa, usiku ukaingia, alfajiri ikakataa kuja. *Na mji ukanyamaza*, akasema msimulizi, na sauti ikanyamaza, kama ilivyotakiwa. Migdalia akahesabu. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Ishirini. Sauti haikurudi.

"Imekatika," alisema. "Nusu ya pili haimo."

"Haijapotea, iko kwenye faili jingine, limevunjika vipande. Tafuta lenye ukubwa wa karibu na hilo. Umelipata? Sasa fungua programu ya sauti, uliburute hilo la kwanza, halafu la pili uliweke mkiani."

Aliburuta, likaenda juu badala ya nyuma. Akafuta, akaburuta tena, tarumbeta zikalia pamoja na kilio cha mwisho, vurugu tupu. Gildo alimwelekeza akitikisa mikono mbele ya kalenda, kushoto, siyo kushoto hiyo, kushoto yako! Betri ikaonyesha asilimia kumi na tisa, kisha kumi na sita.

"Geuka," Migdalia alisema.

"Sigeuki."

"Betri inakwisha, Gildo. Mimi sijui kazi hii, na wewe unaijua. Geuka. Nakuomba mimi, siyo mtaa."

Gildo alivuta pumzi ndefu, akageuza kiti. Hakumtazama mkewe. Aliweka spika za masikioni, mikono ikaruka juu ya vibonyezo, na kwa dakika nne alifanya kile ambacho Migdalia alihangaika nacho nusu saa. Vipande vikaungana. Akarudi nyuma kidogo kusikiliza mahali pa kiungo, akakunja uso.

"Hapa pana pengo. Kimya cha sekunde kumi na mbili. Nalikata."

"Usikate!" Migdalia alimshika mkono.

"Kwa nini? Ni uharibifu huu."

"Siyo uharibifu." Na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine, akamwambia. "Hicho kimya ndicho chenyewe. Taa zote zitazimika, muziki utakata, kila mtu ataamini gari limekufa. Sekunde kumi na mbili. Kisha jogoo anawika, ukuta wa mji unaanguka, na nyuma yake yupo jogoo wa dhahabu, mita saba, taa elfu mbili."

Gildo alikaa akilitafakari jambo hilo. Kobe nao wana desturi yao: kila mwaka huandaa jeneza dogo lenye kuku aliyenyonyolewa, na gari la Majogoo likikwama hata kwa dakika hulitoa na kucheza nalo mazishi.

"Tutashangilia," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Tutatoa jeneza."

"Ndiyo."

"Tutacheza kama wajinga, halafu mtatuwashia taa. Nani kafikiria jambo hili?"

"Mimi."

Gildo akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatikisa kichwa. "Mwanamke mbaya wewe," alisema, na kuna sifa alizowahi kupewa Migdalia na watu wenye elimu ambazo hazikumfurahisha kama hiyo.

Akahifadhi kazi kwenye flashi nyingine mpya, akaifungua kuhakikisha, kisha akatengeneza ya pili. "Nakala mbili. Mwambie yule mshuku wenu kwamba kitu chenye nakala moja ni kitu kilichokwisha kupotea, kinasubiri siku tu. Na ukimaliza kutumia usichomoe kwa pupa, iage kwanza kompyuta." Mbele ya macho yake akafuta kila kitu kwenye kompyuta. Betri ilikuwa asilimia tatu.

"Na humu je?" Migdalia aliuliza, akimgusa paji la uso.

"Humo sina programu," Gildo alisema. Hakucheka. "Nenda, kabla mbwa hajatusengenya."

Jumamosi jioni Kobe walitangulia. Gari lao lilikuwa zuri, na Migdalia aliyaona hayo kwa moyo mzito: kobe wa kijani wanaopumua, malkia wao akishuka ngazi kwa maringo. Alisimama ukingoni mwa uwanja na kitambaa chekundu shingoni, pembeni ya kiti cha mama yake. Ng'ambo walikuwapo Kobe kwa mamia, na Evelio alikuwa mbele, na karibu naye, kama alivyoagizwa, alisimama Gildo na kofia yake ya ukindu.

Kisha gari la Majogoo likaingia. Hortensio mwenyewe alichomeka flashi. Taa yake ndogo ya bluu ikapepesa, na sauti ya msimulizi ikajaa uwanjani, nzito, safi, bila hata mkwaruzo. Bi Iluminada akashika mkono wa bintiye. Jogoo akauawa. Usiku ukaingia. *Na mji ukanyamaza.*

Giza. Kimya.

Moja, Migdalia alihesabu. Mbili. Kwenye ya tatu Kobe wakaelewa kile walichotakiwa kuelewa, na kelele ikapanda kama maziwa yanayochemka. "Limekufaaa! Limekufa! Jogoo wa shamba hawiki mjini!" Ngoma zikaanza. Kwenye ya tano jeneza likatoka kwenye mkokoteni wake, limewashiwa mishumaa.

Evelio hakulitazama jeneza. Alikuwa amegeuka. Katikati ya watu wanaoruka alikuwapo mtu mmoja aliyesimama wima, mikono mfukoni, na Evelio alikuwa akimtazama huyo, kwa yale macho yake ya upole.

Migdalia aliacha kuhesabu. Gildo hajui kudanganya, alijisemea. Hajawahi. Sasa hivi atasema, atamwaga yote, na jeneza litarudishwa mkokotenini.

Gildo akavua kofia akaitupa hewani. Akapiga ukelele uliovuka uwanja mzima, akawasukuma vijana, akapanda juu ya jeneza lenyewe, mtu wa miaka hamsini na tatu mwenye kitambi. Akamtoa kuku aliyenyonyolewa akamshika miguu, akawa anamzungusha kichwani huku akiwika kwa sauti iliyopasuka, akitingisha makalio kuelekea Majogoo. Alicheza kama mtu asiye na jambo lolote kichwani. Evelio aliendelea kumtazama kidogo. Kisha mabega yake yakashuka, akacheka, akaanza naye kupiga makofi.

Jogoo akawika. Ukuta ukaanguka. Taa elfu mbili zikawaka kwa pamoja, na nuru yake yote, ya dhahabu, ikamwangukia mwanamume mmoja aliyesimama juu ya jeneza na kuku mkononi.

Mji ukapasuka kwa kicheko. Majogoo walicheka wakikumbatiana, walicheka wakilala chini. Watoto wakaanza kumwigiza papo hapo. Hortensio alilia kwa furaha kwenye kipaza sauti. Wapiga ngoma wakamtungia wimbo kabla hajashuka, na ulikuwa wimbo mzuri, wa kudumu miaka. Kobe wenyewe walimgeuzia mgongo, na mmoja akamtemea mate karibu na kiatu.

"Mume wako huyo!" Bi Iluminada alipiga paja, meno ya bandia yakitaka kumtoka. "Mtazame! Yesu wangu, mtazame mume wako!"

Migdalia alicheka, kwa sababu alitazamwa. Kisha aibu ikampanda, akaacha mkono wa mama yake na kuanza kuvuka uwanja. Hakuna avukaye uwanja siku hiyo. Watu walimpisha wakidhani anakwenda kumkejeli kwa karibu. Alimkuta Gildo ameshashuka, anahema, nta ya mishumaa imemganda shavuni.

"Twende nyumbani," alimwambia.

"Una wazimu?" Gildo alinong'ona bila kusogeza midomo. "Evelio huyo anakuja. Ukinihurumia hapa, atajua. Rudi kwenu."

"Gildo, mimi siwezi—"

"Unaweza. Nicheke, Mida. Kwa nguvu, asikie."

Evelio alikuwa hatua tano. Macho yake yalikuwa yameanza kutoka kwa mdogo wake kwenda kwa shemeji. Migdalia akarudi nyuma hatua moja, akamnyooshea mumewe kidole, akaangua kicheko. Alimcheka kitambi, alimcheka kuku, alimwita mzika-hewa mbele ya mitaa yote miwili, akacheka mpaka machozi yakamtiririka mpaka shingoni. Evelio aliyaona machozi yale. Akaamini ni ya kicheko, akamshika mdogo wake bega, akaondoka naye.